Msiba Uliokosea Nyumba

Jumamosi, Arua. Mvua ya alfajiri imeondoka na kutuachia ubaridi mzuri, ule wa kumfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Jumamosi mimi huanza na simu. Nakunywa chai huku nachambua habari kama mchele. Leo asubuhi wabunge walikuwa wanabishana tena, petroli imepanda tena, timu ya taifa inacheza saa kumi na kocha anasema vijana wako tayari. Makocha wote husema hivyo. Kisha kulikuwa na msanii mmoja wa Kampala aliyeolewa akiwa amevaa gauni ambalo nusu ya nchi inaona limepungukiwa kitambaa. Nilikuwa na maoni yangu kuhusu gauni hilo. Nilishaanza kuyaandika hapa kwenye ukurasa wangu.

Ndipo kundi letu la simu la majirani wa mtaa wa Pajulu likaleta picha ya Mzee Wani Lasu, mshumaa umechorwa pembeni, na maneno: “Nyota yetu imezimika.”

Kwa msomaji wa mbali, Mzee Wani ni mpiga adungu wa Koboko, na adungu ni kinubi chetu, kile chenye shingo iliyopinda kama upinde. Sijui harusi ya rika langu ambayo nyimbo zake hazikuchezwa. Harusi yangu mwenyewe ilichelewa kwa sababu bwana harusi alikataa kutoka kwenye uwanja wa dansi kabla wimbo haujaisha.

Sijaweka hata kikombe chini, mlango ukagongwa. Alikuwa Poni, jirani yangu, muuguzi wa hospitali ya Kuluva, ametoka zamu na sare ya kazi bado mwilini.

Poni ni binti wa Mzee Wani.

“Mwalimu,” aliniuliza akinionyesha simu, “hii iko kweli?”

Sikujua. Tulipiga namba ya mzee, haikupatikana. Tukapiga tena na tena. Wakati huo redio ya dukani ilishaanza kupiga nyimbo zake mfululizo, na sote tunajua maana ya redio kupiga nyimbo za mzee mmoja mfululizo.

Poni hakulia. Alikaa kwenye kochi langu akaangalia sakafu, na nilijua anachokifikiria, maana mtaa mzima unajua. Wakati wa kampeni baba yake aliimba kwenye mikutano ya mgombea ambaye Poni hataki hata kusikia jina lake. Poni akaandika kwenye ukurasa wake: “Baba yangu ameuza sauti yake kwa sukari.” Watu wakacheka, wakasambaza. Mzee hajui kusoma, lakini mtu hakosi wa kumsomea maneno ya namna hiyo. Tangu hapo baba na binti hawakuongea. Uchaguzi ukapita, mabango yakachanika, waliotukanana majukwaani wakaonekana wanakula nyama pamoja. Hao wawili bado walikuwa kimya.

Nilimpigia kaka yangu Saidi, mwenye gari. Saidi hupanga maisha yake kwa kufuata mechi, na leo alishanunua hata karanga za kutafuna. Nilipomweleza akasema, “Basi mpira itacheza bila mimi.”

Barabara ya Koboko ilikuwa imeoshwa na mvua. Mihogo inang’aa pande zote mbili, malori ya Sudan Kusini yanatupita na kutunyunyizia maji. Poni alikaa nyuma akitusomea rambirambi. Mwanasiasa huyu amempoteza “baba wa utamaduni wetu.” Mpinzani wake naye amempoteza “rafiki wa kweli.” Wote wawili wametumia picha ileile. Msanii wa gauni naye, eti, amesikitika sana.

“Dunia nzima inamsifu,” Poni alisema. “Mimi mtoto wake ndiyo nilimtukana.”

Saidi aliongeza mwendo. Kuna maneno ya faraja ambayo mwalimu hufundisha darasani, na hakuna hata moja linalofaa ndani ya gari.

Kabla ya kuingia mjini tulisimama kununua vitu vya matanga: majani ya chai, sabuni, na mfuko mkubwa wa sukari. Saidi ndiye aliyeubeba. Alipouweka karibu na Poni, Poni aliutazama, akageuza uso dirishani. Hapo ndipo machozi yalipotoka.

Nyumbani kwa mzee, Koboko, tulikuta lori limesimama limejaa viti na turubai, msaada wa mmoja wa wale wanasiasa. Lakini hakuna aliyekuwa anashusha. Uani walikaa watu kama kumi na tano wenye nyuso za msiba na vikombe vya chai mikononi. Katikati yao alikaa Mzee Wani mwenyewe, miguu peku, akikaza waya wa adungu.

Poni alisimama kama aliyegonga ukuta.

Mzee aliinua macho. “Poni. Wewe pia umekuja kunizika?”

“Nimekuja, Baba.”

“Mimi iko.”

Shuleni nafuta neno hilo kwa wino mwekundu kila siku ya Mungu. Leo nililipenda kama lilivyo.

Nilidhani Poni atamkumbatia. Badala yake alimfokea, tena kwa sauti ya wodini: kwa nini simu imezimwa, anajua watu wametoka wapi, anajua moyo wa mtu ni nini? Mzee akaonyesha ukuta mfupi ambako simu yake ilikuwa imetandazwa juani, vipande vipande. Ilitumbukia kwenye beseni jana alipokuwa ananawa. Wageni wakacheka. Poni akakaa chini palepale, kwenye udongo wenye maji, na sare yake nyeupe, akaweka kichwa kwenye goti la baba yake.

Mzee alimwacha alie. Kisha akaona mfuko mikononi mwa Saidi.

“Nini hiyo?”

“Sukari, Mzee,” Saidi alijibu, na nikatamani ardhi immeze.

Mzee Wani alicheka mpaka akakohoa. “Kumbe na wewe, Poni, unaninunua!” Halafu sauti ikatulia. “Walinisomea maneno yako. Yaliniuma. Ungekuja hapa uniambie mimi, siyo watu.”

“Kweli, ningekuja, Baba. Lakini bado naona ulikosea kumwimbia mutu yule.”

“Ona hivyo. Mimi naona vingine. Lakini njoo uone hivyo hapa nyumbani.”

Huo ndio ulikuwa upatanisho wao. Hakuna aliyembadilisha mwenzake. Nimewahi kusikiliza midahalo mingi ya siasa redioni, yenye wataalamu na muziki wa kufungulia kipindi, na haukufika hapo hata mmoja.

Ndipo nikauliza jambo ambalo tangu asubuhi hakuna aliyeliuliza, pamoja na mimi: kwa hiyo ni nani aliyekufa?

Mama mmoja mwenye kikombe akajibu. Kuna Wani Lasu mwingine, fundi mwashi, anakaa nyuma ya soko. Alifariki jana jioni baada ya kuugua. Mtu alisikia jina likitangazwa kanisani leo alfajiri, akadhani ni mwimbaji, akatafuta picha. Mengine yalijiendea yenyewe.

“Na kule kwake kuna watu?” Mzee aliuliza.

Mama yule akaangalia kikombe chake. Watu wote walikuwa wamekuja huku.

Mzee Wani akainuka, akavaa ndara, akachukua adungu. Akamwendea dereva wa lori. “Kijana yangu, msiba iko, lakini siyo hapa. Washa gari.”

Dereva alisita, akasema ametumwa kwa mwimbaji. Mzee akamwambia mwimbaji ndiye anayemtuma sasa. Tukaondoka wote, lori mbele, watu nyuma kwa miguu, Saidi na sukari yake.

Kwa fundi Wani tulikuta mkeka mmoja, majirani wawili watatu, na mjane akipepea moto wa kuni mbichi. Aliposikia lori alitoka ameshika upepeo, akiamini watu wamepotea njia. Mzee Wani akainama akamsalimu. Akamwambia, “Mama, watu hawa walikuja kumlilia Wani Lasu. Nimewaleta kwake.”

Turubai likasimama. Viti vikapangwa. Wanawake wakachukua jiko, na mjane, kwa mara ya kwanza nadhani tangu jana, akakaa.

Mzee hakuwa na wimbo wa mtu asiyemjua, kwa hiyo alimuuliza mjane mume wake alikuwa mtu gani. Mama alifikiri. Akasema alikuwa anapiga mluzi akijenga, na mluzi ukikatika ujue tofali halikukaa sawa. Akasema alijenga nyumba nyingi za watu na hii yao haikuisha. Tulitazama. Kweli, upande mmoja ulikuwa wa tofali, mwingine wa udongo.

Mzee akaimba hayo tu. Mluzi, tofali, ukuta wa nusu. Aliimba kwa Kikakwa, lugha ya kwao Koboko, kisha kwa Kiswahili chetu ili sisi wa Arua tusiachwe nje. Mstari wa pili ulipofika mahali pa kuitikiwa, sauti ikatoka nyuma yangu, nyembamba, yenye uchovu wa zamu ya usiku. Poni. Aliniambia baadaye kwamba utotoni ndiyo ilikuwa kazi yake, kumwitikia baba. Mzee hakugeuka, lakini aliurudia ule mstari mara nyingi kuliko ulivyohitaji.

Poni amebaki Koboko. Mimi na Saidi tumerudi jioni, na njiani aliniomba nisifungue habari za mpira, anataka kuendelea kutojua kidogo.

Sasa nimekaa na simu tena. Kundi la majirani limefuta picha ya mshumaa bila neno la samahani. Wanasiasa wote wawili wamefurahi kusikia kwamba mzee yuko salama. Watu wamerudi kwenye gauni. Nimetafuta kila mahali kama kuna mtu aliyeandika kuhusu fundi. Hakuna.

Basi maoni yangu ya gauni nimeyafuta, na mahali pake naweka habari hii.

Wani Lasu, fundi mwashi wa Koboko, alifariki jana. Ameacha mke. Alijenga nyumba za wengi, na alipenda kupiga mluzi akiwa kazini. Atazikwa kesho baada ya ibada, nyuma ya soko, penye turubai la buluu. Kama unaishi ndani ya kuta alizojenga, nenda.