Baba, Mtego Ule Ulikuwa Wangu

Baba,

Ni mimi Akoth, yule uliyekuwa ukisema ana mdomo kushinda redio. Leo huo mdomo umenishinda, ndiyo maana naandika. Kaburi lako liko mbali, nyumbani upande wa ziwa, na mimi niko huku Sigowet kwenye shamba ulilonunua ulipostaafu kiwandani. Ungekuwa karibu ningekuja nikae hapo kando yako nikuambie mwenyewe. Lakini mvua imekaza, na kondoo wako hawajui kungoja.

Mama hajambo, ni goti tu. Majani ya chai yamechipuka vizuri, nachuma mara mbili kwa wiki. Yule kondoo mweusi asiyependa mtu amezaa mapacha, na bado ananipiga kichwa kila nikifungua mlango. Ona, nazungukazunguka. Wacha niseme. Baba, nilikusingizia. Ukiwa chini ya udongo, huwezi hata kusema "hapana," nilisimama mbele ya watu nikakutwika kosa langu.

Ilianza na mbweha. Tulikuwa hatujamaliza hata kupokea watu wa pole alipokuja akachukua kuku. Nikanyamaza. Kisha akachukua kitoto cha kondoo, na wiki iliyofuata kingine, nikakuta manyoya tu pale kwenye ua. Nililia kwa hasira mpaka Mama akatoka nje. Niliwaza tu kwamba uliniachia kundi zima, na watu wangesema kondoo wa Mzee Okeyo walikufa pamoja naye. Nikaingia stoo, nikapanda juu ya gunia la mbolea, nikashusha waya zako.

Najua, Baba. Nakumbuka vizuri siku ile tuliyotoka baraza la chifu, tulipoelezwa kwamba mnyama wa porini hawindwi, hategwi, hawekewi sumu, hata akila mali yako, unapiga ripoti. Ulikasirika ukakataa chai. "Nipige ripoti, halafu mbweha aitwe ofisini?" Mama alicheka, wewe hukucheka. Lakini kesho yake ulizunguka shamba lote, ukang'oa mitego yako mmoja mmoja, ukaitundika stoo. "Siipendi hii sheria," ukaniambia, "lakini nimeisikia." Tangu siku hiyo hukutega tena, hata ulipopoteza yule dume mzuri wa kondoo.

Halafu ukashuka kwa jirani yetu Kogo kumwambia. Wewe na huyo nyanya mlinichekesha sana. Ukoo wao mnyama wao ni mbweha, hawamgusi, hata akiwamalizia kuku. Ulikuwa ukimpigia kelele kutoka kwa ua, "Mama, mwambie ndugu yako aache kondoo wangu!" Naye anakujibu, "Nimemwambia! Anasema yako ndiyo tamu." Lakini siku ile ulienda bila mzaha, ukamwambia umeacha kutega, na yeye akakushika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimesimama hapo. Niliona.

Na bado nikatega. Nilifunga lile fundo lako, lile linalozuia waya isikaze kupita kiasi, ishike mguu bila kuukata. Hakuna mwingine huku anayelijua. Fundo nilikumbuka, masharti yako mengine, yale uliyofuata hata kabla ya sheria, niliyatupa. Ulikuwa hutegi wakati mbweha wananyonyesha. Ulikuwa unaenda kuangalia mtego kabla hujaonja chai. Mimi nilitega Jumamosi jioni kwenye lile pengo la ua karibu na mto, na Jumapili asubuhi nikavaa, nikamshika Mama mkono, tukaenda kanisani. Niliimba, Baba. Niliimba sauti ya kwanza, na huko mtoni kuna mnyama anavuta mguu.

Tuliporudi tulikuta watu wamejaa kwenye pengo. Kogo ndiye aliyesikia kilio. Mbweha alikuwa jike, matiti yamejaa. Mzee wa mtaa alikuwa ameshapigia simu watu wa wanyamapori. Jirani mmoja aliinama, akaliangalia fundo, akasema, "Huu ni mkono wa Mzee Okeyo." Mwingine akanishika bega: "Pole, Akoth. Utakuwa ni mtego wa zamani wa marehemu."

Walinipa uongo mkononi, sikuutunga hata mimi. Afisa alipofika, mama mmoja mwenye viatu vya matope ambaye kila mtu alimwita Madam, akauliza mtego ni wa nani. Macho yote kwangu. Nikasema, "Ni wa marehemu baba. Sikujua uko hapo."

Alimfunika mbweha kichwa kwa gunia, akakata waya kwa koleo, na mnyama akakimbilia kwenye chai akichechemea. Kisha akafungua kitabu chake akaniuliza jina la marehemu. Nikamtajia herufi moja moja ili asikosee.

Kogo aliniangalia muda mrefu. Alijua, si ndiyo? Wewe mwenyewe ulimwambia umeacha. Akageuka akashuka kwake na fimbo yake. Jumatatu hakunisalimu. Jumanne nilimwita kwa salamu ya kwao, "Chamgei!" kwa sauti kubwa, akaingia nyumbani na ndoo yake. Miaka yote hiyo sijawahi kuamka nikakosa salamu ya Kogo.

Alhamisi kukawa na baraza sokoni, Madam akaja kufundisha watu sheria za mitego na wanyama. Nilikaa nyuma na Mama. Alieleza vizuri, mpaka akafika mahali akasema, "Kuna mzee wa hapa kwenu, amekufa lakini mitego yake bado inaumiza. Hakusikia alipoambiwa. Msiwe kama yeye." Watu wakaguna. Mtu fulani nyuma yangu akacheka.

Wewe! Wewe uliyekataa chai kwa hasira na bado ukatii! Baba, niliumia kushinda siku ya mazishi. Siku ya mazishi watu walisema ukweli juu yako.

Nikajikuta nimesimama. "Madam, futa hilo jina. Mtego niliweka mimi." Nikasema baba yangu alitoa mitego yake yote kesho yake tu baada ya kuambiwa, ni mimi niliyeshusha waya kutoka stoo, ni mimi niliyeenda kanisani nikaiacha. Nilikuwa nalia, kamasi zinatoka, sijali. Mama alijifunika uso kwa leso.

Madam alikasirika kweli. Akasema kwa huo mtego angeweza kunipeleka kortini, na kwa kumdanganya angeniongezea. Chifu akakohoa tu. Nikaona hapa nimekwisha, kondoo wako watabaki na Mama na goti lake. Ndipo Kogo akainuka kule upande wa akina mama, polepole, na kile Kiswahili chake. "Hiyo mnyama ni ya ukoo yetu. Ni mimi nimekosewa. Huyu mtoto amesema ukweli mbele ya watu wote. Mpatie kazi, usimpatie jela."

Madam akafungua kitabu chake. Kisha akaniandikia onyo kwa jina langu, akasema mara ya pili ni korti, hakuna Kogo wa kunitetea. Na kazi akanipa: nipite boma kwa boma, kutoka mtoni mpaka sokoni, nikusanye kila waya ya kutega nimletee.

Ungeniona, ungecheka. Watu wananiona mbali wanapiga kelele, "Akoth wa waya amefika!" Wengine wananiapia hawana, na mimi naiona waya imening'inia jikoni juu ya kichwa chao. Nimejifunza kutowabishia. Naketi, nawasimulia nilivyofanya, jinsi nilivyoimba kanisani na jinsi nilivyokutaja kwa herufi. Nikimaliza, mtu anainuka mwenyewe anaenda kuleta. Gunia limejaa na jingine liko nusu. Na wengi sasa wakiibiwa kuku wanapiga ripoti, ingawa wananung'unika kama wewe.

Madam mwenyewe alirudi kunionyesha namna ya kujenga zizi: ukuta wa fito zilizobanana, miiba nje, mabati chini mbweha asichimbe, na vitoto vinaingia jua likiwa bado juu. Nani alileta fito? Kogo. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanisimamia siku mbili, akiniambia nafunga vibaya. Hakuna kitoto kilichopotea tangu hapo. Hata kimoja, Baba. Na wiki jana Kogo alimwona yule jike akivuka kwenye chai na watoto watatu nyuma yake. Bado anachechemea kidogo. Nilifurahi mpaka nikashangaa, na bado simpendi.

Jana nilipeleka gunia la kwanza. Kabla sijaondoka nilimwomba Madam anifungulie kile kitabu. Akasema, "Nilishakata." Nikamwambia nataka kuona. Akanionyesha. Jina lako limepigwa mstari, na kando yake ameandika langu, kwa ukubwa uleule.

Lala vizuri, Baba yangu. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea, unanijua. Lakini nikikosea, nitajitaja mwenyewe, herufi moja moja.

Mwanao,
Akoth