Nusu Duara za Kinyozi

Chumba cha uani,
Nyuma ya duka la Baba la kunyolea,
Jumapili, baada ya kuanua nguo.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, bado wanagombania kukaa dirishani kwenye gari? Natumaini barua hii itawakuta wote mko salama, na kile kikohozi ulichokuwa unakificha kwenye simu kimekwisha. Usidhani sikukisikia. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, kikohozi chako nakijua.

Sisi huku wazima. Goti langu ni lile lile, linanitangazia baridi kabla ya redio. Baba anakula, analala, anagomba, kwa hiyo ujue hajambo. Anakusalimu sana, na anauliza kama bado unanyolewa na yule kinyozi wa huko aliyekuacha na kisogo kama ngazi kwenye ile picha.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu nimejaribu. Kila nikifika katikati naishusha simu nifute macho, na wewe unaanza kuita halo, halo, ukidhani mtandao umekatika. Haya yanataka karatasi. Kaa chini, mwambie wifi akushikie watoto kidogo.

Unakumbuka tulipoishia. Kiharusi kilipompata Baba kilichukua upande wa kulia wote. Mguu ulirudi. Mdomo ulinyooka, na maneno yakarudi mengi kuliko yaliyoondoka. Mkono ndio uliogoma, ule ule wa wembe. Ulibaki umejikunja kifuani, vidole vikishika kitu haviachii, vikiachia havishiki. Ulisema tukubali tu, kwamba kwa umri wake mkono haurudi tena, aje akae kwenu apumzike. Sikukulaumu. Hata yeye alikuwa ameshakubali. Aliniambia nishushe kibao cha mlangoni, na kile kiti chake cha kuzunguka nimpe yeyote atakayekitaka. Mtu aliyenyoa karibu kila kidevu cha mtaa huu, anashinda kwenye kiti chake mwenyewe akitazama ukuta. Iliniuma, mdogo wangu, iliniuma sana. Kibao sikukishusha. Nilimwambia ngazi imeazimwa.

Daktari wake wa viungo ni binti mmoja mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Alimletea mpira wa kubinyabinya. Baba akaubinya kidogo, akaurusha uani, akasema yeye si mtoto wa chekechea. Mpira ukawa wa mbwa wa jirani.

Sasa mimi, unavyonijua, mikono yangu haikai bure. Nilikuwa na kazi ya mama mmoja mwenye madirisha ya upinde kwa juu, anataka kila upinde uvalishwe kipande chake. Kwa hiyo nilikuwa nafuma kwa kroshia nusu duara, nyingine kubwa nyingine ndogo, kufuata dirisha. Mchana mmoja nikainuka kwenda kuepua chungu. Narudi, namkuta Baba ameishika sindano yangu ya kroshia, ile yenye kulabu kwenye ncha, kwa mkono mbovu. Nikajifanya sijaona, maana Baba ukimwona anafanya kitu anaacha. Akaniuliza hiki kidude kinashikwaje. Nikamjibu, kama wembe. Sindano hakuirudisha.

Nilimwanzisha na duara zima. Niliona ndiyo rahisi, unazunguka tu, unazunguka, hakuna kona wala mwisho. Kumbe nakosea. Vidole vilijifunga kwenye sindano tangu mwanzo na havikuwa na sababu ya kufunguka, na akichoka ilinibidi nimbandue kimoja kimoja. Daktari alipokuja akaona vile vipande vyangu vya madirisha mezani, akauliza vinafumwaje. Nikamweleza. Unaanza na kitanzi kidogo, unakwenda mpaka ukingoni, umefika mwisho. Hapo unaachia, unaigeuza kazi nyuma mbele, unashika upya, unarudi ulikotoka. Kila safu ni hivyo. Akagonga meza. Akasema huyu mzee shida yake si kushika, shida yake ni kuachia, mpe kazi ya kuachia. Tangu siku hiyo Baba hakuona duara zima tena.

Nikusimulie vichekesho? Nusu duara ina masharti yake. Kila safu lazima uongeze mishono kidogo ili ipanuke. Usipoongeza inajikunja kama bakuli, ukizidisha inafanya mawimbi. Na ukigeuza kazi ukausahau ule mshono wa ukingoni kabisa, kila safu inakula kidogo, na nusu yako inaishia kuwa kipande cha tikiti. Baba alikuwa akiusahau kila alipogeuza. Kisigino, fundi viatu wetu wa mlango wa pili, ambaye bado hana adabu, aliingia akaokota moja, akaigeuzageuza, akauliza hili sikio la nani. Baba akamwambia ni lako, lile unaloliziba mkeo akikuita.

Lakini aibu alikuwa nayo. Mtu mwingine yeyote akisikika mlangoni, Baba anavuta ile shuka ya kunyolea, anajifunika uzi na sindano na yeye mwenyewe mpaka shingoni, anakaa wima kwenye kiti kama anayesubiri kunyolewa. Anyolewe na nani, na duka halina mtu? Watu walikuwa wanamsalimu kwa heshima na kuondoka polepole.

Kilichomshangaza yeye ni kufumua. Mara ya kwanza alipokosea nikauvuta uzi, safu nzima ikaachia mpaka pale kosa lilipo. Akanitazama kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Kwake yeye kilichokatwa kimekatwa, hajawahi kufanya kazi inayokubali kurudi nyuma. Akanipokonya, akaivuta yote mwenyewe mpaka kitanzi cha mwisho, anacheka peke yake. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu augue.

Basi akaendelea. Alianza na mshono mfupi, ule unaokaza, na nusu duara zake za mwanzo zilikuwa ndogo, nusu ya kisahani, ngumu kweli kweli. Kisigino akasema zile angezitia kwenye soli. Kisha nikampa mshono wa kati. Kisha mrefu, ambao uzi unauzungusha kwenye sindano kabla hujaingia, halafu vitanzi unavitoa viwili viwili, na kidole kinapaswa kujua bila jicho kimebakiwa na vingapi. Mwisho akaomba ule wa vifundo. Huo hata mimi unanitoa jasho. Unalimbikiza vitanzi vingi kwenye sindano moja, vyote virefu sawa, kisha unavivuta vyote kwa mkupuo. Mkono ukitetemeka, kimoja kinachomoka na vingine vinakifuata. Vilichomoka, we acha tu. Anafumua, anaanza. Vinachomoka, anafumua, anaanza. Mzee ambaye chumvi ikipungua nyumba nzima inajua, hakugomba hata kidogo.

Zikawa zinakua. Nusu ya sahani, nusu ya sinia, mpaka ikafika moja inayomfunika mapaja yote mawili na kuning'inia.

Sasa nifike pale simu inaponishinda. Wiki iliyopita niliamua kuzifua zote, zilikuwa zimeshika jasho la mkono. Baba alikuwa amezitunga kwenye kamba kwa jinsi alivyozimaliza, na mimi nikazianika hivyo hivyo, ya kwanza mwanzoni mwa kamba, ya mwisho mwishoni. Sikuwa na wazo lolote kichwani. Nilipomaliza kubana ya mwisho nikageuka kuchukua beseni, na nikaiona kamba nzima.

Mdogo wangu, niliuona mkono wa Baba ukirudi. Sisemi kwa mafumbo. Ulikuwa umeanikwa pale, naweza kuushika. Mwanzoni mwa kamba vipande vimebanana kama ngumi, ukingo umepinda, mishono imesongamana kwa hofu. Vinavyofuata vinaanza kulegea. Kipo kimoja cha mshono wa kati ambacho kimeanza kigumu na kimemalizika laini, yaani vidole vilifunguka humo ndani yake, kati ya safu na safu, na sisi tumekaa hapo hapo tunabishana habari za mbwa wa jirani. Halafu mishono mirefu, imesimama sawasawa, jua linapita katikati yake. Halafu vifundo, vimetuna, vinalingana.

Nilikaa juu ya ndoo, mikono inachuruzika maji. Yule daktari aliwahi kuniambia kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa siku ile imekufa, hairudi. Kinachotokea ni kwamba sehemu nyingine, ambayo maisha yake yote haijashika wembe wala kijiko, inajifunza kazi upya. Nilimsikia tu, sikumwelewa. Pale kwenye ndoo ndipo nilipoelewa. Ndani ya kichwa cha mzee wetu, kwa mvi zile, kulikuwa na mwanafunzi mpya anafundishwa mshono kwa mshono, na hakuna aliyemwona. Mungu ametuumbaje sisi? Niliogopa, nakuambia kweli, niliogopa vile mtu anavyoogopa akisimama mahali pakubwa. Daktari alipokuja jioni hiyo nilikuwa sijaanua. Alitembea kando ya kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo akaanza tena, anazihesabu kwa kunong'ona.

Hapo ungesema tumeshinda. Bado. Baba alitoa wembe wake kabatini, akaunoa, akauweka mezani akautazama, akaurudisha. Kesho yake hivyo hivyo. Kisigino alimletea kidevu chake mwenyewe, bure na kwa moyo safi. Baba akakataa. Akasema shingo ya mtu si uzi. Akasema atajaribu mara moja tu, na mkono ukimsaliti hiyo mara moja, kibao kishuke na ngazi nikaitafute popote ilipo. Lakini hiyo mara moja haikuwa inafika. Alikuwa anaunoa tu. Nikaona atanoa mpaka azeeke zaidi.

Kwa hiyo jana nilifumua misuko yangu yote. Unazijua nywele zangu, wewe ulikuwa ukizishika kama hatamu. Nikaziosha, nikaenda dukani mchana kweupe, nikakaa kwenye kile kiti, nikajifunga shuka shingoni. Nikamwambia, "Baba, ninyoe zote."

Akaniambia nina wazimu. Nikamwambia kichwa ni changu na baba ni wangu, kama kuna wa kunikata basi anikate yeye.

Akafungua kabati. Kisha nikasikia mkasi, na nywele zikaanza kuanguka mapajani. Kisha povu. Kisha wembe. Nilifumba macho, nisikudanganye, roho ilikuwa mkononi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka hewani, nausikia kabisa unavyokuja. Ulipogusa ngozi ukatulia. Ukapita. Mzito, wa moto, vile vile ulivyokuwa tulipokuwa wadogo.

Upande mmoja ulipokaribia kwisha, juu ya sikio, akanikata. Kidogo tu, lakini tone lilianguka kwenye shuka nyeupe na wote tukaliona. Wembe ukasimama. Nilifumbua macho nikamwona kwenye kioo, uso umemshuka wote. Akauweka wembe chini. Akasema, "Basi. Katafute ngazi."

Nikajitazama. Nusu kipara kinang'aa, nusu nywele zimesimama. Nikamwambia, "Baba, nitapanda ngazi hivi, barabarani, watu wote wananitazama? Hata kama unafunga duka, huwezi kulifunga na kichwa changu nusu."

Akanitazama kwenye kioo. Mdomo ukamcheza pembeni. Akavifungua vidole vyote vitano, akavifunga, akavifungua tena. Akauchukua wembe, akahamia upande wa pili.

Hakunikata tena. Alimaliza, akanipangusa kwa kitambaa, akainama akanipuliza shingoni kutoa vinywele. Mimi machozi yananitoka tu na siwezi kuyafuta, mikono iko ndani ya shuka. Akanifungua shuka. Akaikung'uta mlangoni, ambako Kisigino na watu wengine walikuwa wamesimama sijui tangu saa ngapi, na kwa ile sauti yake ya siku zote akasema, "Anayefuata."

Kisigino akaingia, akakaa.

Kwa hiyo kile chumba mlichomwandalia Baba, kiwekeni cha wageni. Atakuja kutembea, kupumzika hataki. Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa cha meza alichoniomba kitakuwa cha vifundo, na fundi wake si mimi. Wabusu wanangu, waambie shangazi anawapenda, na wakiniona kwenye picha niliyotia humu wasikimbie. Kisigino na mkewe wanakusalimu, daktari pia, ingawa hakujui.

Mungu awazungushie ulinzi wake, awape afya na usingizi mzuri.

Ni mimi dada yako nikupendaye, moyo umejaa, kichwa kitupu.