Pengo Katika Msimu wa Pili

Magomeni, Kilosa
4 Juni 2024

Mjukuu wangu Winnie,

Nina jambo nimemficha mama yako kwa miaka thelathini na mitatu, na sitaki kufa nalo. Nimeliandika kabla ya salamu ili nisipate nafasi ya kulikwepa.

Sasa salamu. Hujambo? Mama yako hajambo? Mimi miguu imevimba, natembea mpaka chooni na kurudi, basi. Daktari anasema moyo umekuwa mkubwa. Marehemu bibi yako Bibiana angecheka, maana siku zote alisema nina moyo mdogo. Simu siisikii tena, ndiyo maana naandika.

Nimemaliza kutafsiri msimu wa kwanza wa ile katuni yako ya Kijapani, kutoka maandishi yake ya Kiingereza. Bonifas, kondakta wa basi la Mikumi, atakukabidhi daftari pamoja na barua hii. Lisome kwa sauti kabla hujarekodi, maana nimeandika Kiswahili cha mwalimu, na wateja wa kibanda chako cha video hawataki kusikia mtoto anayekimbizwa akisema "aidha".

Msimu wa kwanza ni kazi ya mtu anayeijua hofu. Watoto kumi na wawili wamefungiwa katika ile nyumba ya mlimani, mlezi wao anawasuka nywele kila asubuhi, na sisi tunajua anachowaandalia, wao hawajui. Mara nyingi nilisimamisha picha ili nipumue. Lakini msimu wa pili umeniudhi. Mwaka mzima unapita kwa picha sita zisizosogea. Mlezi aliyewatesa vipindi kumi anatubu kwa dakika moja. Na yule mtoto aliyeachwa nyuma siku ya kutoroka anatokea mwishoni, mzima, amenenepa, anacheka, na hakuna anayemwuliza alikuwa wapi. Ingekuwa insha ya darasa la saba ningeandika kwa wino mwekundu: Hapa pana pengo. Rudi.

Mwandishi hakuchoka. Aliogopa.

Na kosa jingine. Njia nzima watoto wanakutana na mbwa, walinzi na kuta. Hawakutani hata na mtu mmoja mwema, anayesali, mwenye heshima zake kijijini. Huyo ndiye wa kuogopwa na mtoto anayetoroka.

Kipindi cha mwisho cha huo msimu wa pili nimeshindwa kukitafsiri. Nitakuambia kwa nini nikipata nguvu.

Babu yako


Mikumi
16 Juni 2024

Shikamoo Babu,

Pole sana na moyo. Sisi hatujambo. Kwanza nikusahihishe, na mimi nipate raha ya wino mwekundu: ni anime, siyo katuni. Katuni ni za chekechea.

Jumamosi tumeonyesha vipindi vitatu kwa sauti yangu. Goodhope, fundi wa matairi, akapiga kelele, "Winnie, huyo mlezi umempa sauti ya mama mkwe wangu, leo sirudi nyumbani!" Watu wakacheka. Halafu mtoto akafungiwa, wakasogeza mabenchi mbele. "Aidha" nimeifuta, samahani mwalimu.

Kuhusu pengo uko sahihi. Hata Goodhope, aliyeangalia msimu wa pili bila tafsiri, ameuliza, "Huyu dogo amekula wapi mpaka amenona hivi?"

Lakini mama ndiye aliyenishangaza. Aliangalia kipindi cha kutoroka akiwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Kilipokwisha akasema, "Uongo. Watoto hawaagani hivyo." Kesho yake tukichambua mchele akanisimulia habari yake na Kulwa, safari hii yote.

Jinsi Mzee Hezekia alivyowachukua yeye na pacha wake kwa wazazi wao Shinyanga, akiahidi kuwasomesha, akawachungisha ng'ombe huko Rudewa na kuwafungia kwenye stoo ya mkonge. Jumapili moja, watu wako kanisani, wakatoboa ukuta wa bati. Waliachana palepale: Kulwa mwenye mbio ashike barabara, mama mwenye kidonda mguuni ajifiche akipita ndani ya mkonge. Wakutane kwako Chanzuru, kwa sababu siku moja ulifika kuandikisha watoto wa shule ukawaambia, "Mkiwa na shida njooni kwangu." Jumatatu, akiwa bado mkongeni, alimsikia Kulwa barabarani akiliita jina lake mara tatu. Alipojikokota mpaka barabarani hakukuta mtu. Jumanne akafika kwako peke yake, na wewe ukamlea mpaka akawa mwanao.

"Alirudi kunitafuta," ananiambia. "Mpaka leo ananitafuta, Winnie."

Unajua anavyouliza madereva wa malori ya Kanda ya Ziwa wanaokula kwake. Sasa mmoja amemwambia kuna Kulwa Shigela anauza mbao Kahama. Mama ameshafunga begi, ataondoka tarehe mosi Julai. Anaimba jikoni, Babu. Sijawahi kumsikia akiimba.

Hilo unalolificha ni nini? Usinitishe.

Mjukuu wako,
Winnie


Magomeni, Kilosa
22 Juni 2024

Marahaba, mjukuu wangu. Nashukuru mko wazima. Mimi sasa nalala nimekaa.

Mzuie mama yako asiende Kahama. Kulwa amekufa. Alikufa wiki ileile, mwaka 1991, hukohuko Rudewa. Amezikwa nyuma ya stoo, upande wa jua linakochomoza, penye mawe manne niliyoyapanga kwa mikono yangu. Nasikia stoo imebomoka, lakini sakafu yake ipo.

Nilikwenda huko Jumatano, siku moja baada ya mama yako Dotto kufika. Mzee Hezekia aliniambia mtoto ameugua tumbo. Alinionyesha udongo mbichi. Halafu akaniuliza kama mabati aliyoinunulia shule yetu bado hayavuji. Nikasema hayavuji. Nikakubali kwamba ni tumbo. Yeye mwenyewe amekufa siku nyingi, alizikwa kwa kwaya mbili.

Niliporudi, Dotto alikuwa jikoni na bibi yako, anakunywa uji, mguu umefungwa kitambaa. Akaniuliza, "Kaka amefika?" Nikasema, "Bado."

Nimesema "bado" miaka thelathini na mitatu. Alipomaliza darasa la saba aliniuliza, nikasema bado. Siku ya harusi yake aliniuliza, nikasema bado. Ulipozaliwa wewe hakuniuliza, akaniangalia tu.

Ndiyo maana kile kipindi cha mwisho kimenishinda. Siwezi kumwandikia maneno ya furaha mtoto aliyeachwa nyuma.

Mwambie taratibu. Mshike mkono ukimwambia.

Babu yako


Mikumi
9 Julai 2024

Babu,

Kahama hatukwenda. Juzi tulikwenda Rudewa. Mawe yapo, yote manne. Ng'ombe wa watu walikuwa wamelala juu yake. Mama aliwafukuza kwa kanga yake, akavua viatu, akakaa chini. Hakulia. Mchungaji wa wale ng'ombe, mzee wa Kisukuma, alimsalimia kwa lugha yao, mama akashindwa kujibu. Ameisahau, Babu. Alikuwa akiongea lugha hiyo na Kulwa tu.

Tulipokuwa tunaondoka akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye ninayejua, "Kama alikuwa ameshatoka, nani alimrudisha?"

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma hadithi, nami nimeisoma ya kwako. Kulwa alikuwa mzima, ana mbio, na njia yake ilikuwa fupi. Kutoka Rudewa mpaka kwako Chanzuru ni mwendo wa nusu siku. Alitoka Jumapili asubuhi. Mama, na mguu ule, alifika Jumanne. Yeye alikuwa wapi? Tena nimemuuliza mama kuhusu ile sauti ya Jumatatu. Anasema ilikuwa inaelekea Rudewa, na ilipita haraka kuliko mtu anayekwenda kwa miguu.

Hapa pana pengo. Rudi.

Sijaandika shikamoo. Najua umeliona hilo tangu mstari wa kwanza. Si kusahau.

Winnie


Magomeni, Kilosa
12 Julai 2024

Winnie,

Salamu nimeziacha, sina haki ya kuwauliza hali zenu. Naandika kidogo kidogo tangu asubuhi, nikipumzika kati ya mstari na mstari, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Kulwa alifika. Alifika Jumapili ileile saa tisa alasiri, mimi nimetoka kanisani, tai bado iko shingoni. Alisimama uani akasema, "Shikamoo mwalimu. Ulisema tuje." Bibi yako akampa ugali na mlenda. Alikula huku anatazama njia. "Dotto yuko nyuma," alisema. "Mguu wake mbaya. Tumngoje."

Alipolala, bibi yako aliniita nje. "Marko, mtoto huyu ana alama za kamba mikononi." Nikamjibu kwamba ni mtoto wa mtu, na mtu huyo ni mzee wa kanisa, atasema nimemwibia. "Basi aseme," alinijibu. Sikumwambia lile lililokuwa moyoni. Nilikuwa nangoja kupewa ualimu mkuu, na Hezekia alikuwa katika kamati ya shule. Usitafute sababu nyingine kubwa zaidi. Hakuna. Ualimu mkuu niliupata mwaka uliofuata. Bibi yako alikaa miezi miwili bila kuniita jina langu, na siri hii aliibeba mpaka kaburini kwa sababu nilimwomba, na kwa sababu alimpenda Dotto, akaogopa ataondoka.

Usiniandikie machozi ya toba kama ya yule mlezi wa katuni yako. Hata nilipouona ule udongo mbichi sikutubu. Nilifanya hesabu ya nani anajua. Dotto nilimlea kwa mapenzi, hilo ni kweli, lakini kwa miaka ya mwanzo nilimlea nikiwa namwogopa.

Sasa kuhusu sauti ya Jumatatu. Mama yako hajakosea, na alisikia vizuri. Nilimpandisha Kulwa kwenye keria ya baiskeli mapema asubuhi. Kama angejua tunakokwenda asingepanda. Alikuwa na mbio, ningemkosa. Tulipofika kwenye mkonge alishika shati langu kwa mkono mmoja, akajigeuza, akaanza kumwita pacha wake. Mara tatu. Aliita kwa furaha, Winnie. Mwambie mama yako kwamba hakuita kwa hofu. Niliona majani ya mkonge yanatikisika upande wa kulia, nikajua ni nani, nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Aliita kwa furaha kwa sababu nilikuwa nimemwambia tunakwenda kumchukua Dotto.

Marko