Mpare Aliyetukanwa Asijibu

Malton, Toronto
14 Oktoba 2007

Mpendwa dada yangu Josephine,

Shikamoo dada. Shemeji Elinaza naye mpe shikamoo yake kabla hajaketi kula, maana akishaketi hasikii la mtu. Natumaini barua hii inawakuta salama hapo Gonja, magoti yako yamepoa, na tangawizi ya mwaka huu imewapa sababu ya kucheka. Mimi ni mzima. Neno hilo huwa naliandika haraka haraka ili nifike kwenye habari, lakini leo nimeliandika polepole, na nimelitazama kidogo kabla ya kuendelea.

Barua yako niliipata mwezi wa nane, nikaisoma nimesimama. Ulisema ukoo umekaa na kuamua kwamba tangu mke wangu Anastasia alazwe kaburini hapo nyumbani, sina tena shughuli ya kunikalisha ugenini, kwa hiyo Krismasi nije na nisirudi. Halafu ukauliza swali moja: nikianguka leo huku, nani atajua? Ukasema nikutajie jina la mtu mmoja tu, na nisipoweza, nianze kufunga mizigo.

Dada, mimi ni mtu niliyetembea. Kidato cha pili kilinishinda, sawa, lakini nimekula samaki Dubai, nimelala Rotterdam, na maofisa wa forodha wamenihoji kwa lugha nne nikawajibu kwa ya tano. Sijawahi kukosa jibu. Ila swali lako lilinitoa jasho. Nikawapitia watu wangu mmoja mmoja. Wenzangu wa ghala la mizigo hapa uwanja wa ndege wananijua kwa zamu. Zamu ikibadilika na mimi nimebadilika, wanamjua mwingine. Mwenye nyumba anagonga mlango mwisho wa mwezi. Watu wa kanisani ni wema kabisa, lakini kila mmoja ana watoto na kazi mbili, na Jumapili ikiisha wametawanyika. Kalamu nikaiweka chini. Nikajisemea kwamba labda Josephine yuko sahihi, kama kawaida yake.

Basi nikiwa katika hali hiyo, ikafika siku ya mechi.

Lazima nikueleze mpira wetu, maana wewe ukisikia Toronto unadhani nakaa kwenye viti vya rangi nikila njugu. Huu si mpira wa kwenye televisheni. Ni ligi ya mwisho wa wiki, wachezaji wake ni madereva wa mashine za kunyanyulia mizigo, wanafunzi, wapishi. Timu yetu ya Malton inaitwa Ndege, kwa sababu ndege zinapita juu ya uwanja chini sana, mpaka golikipa mgeni huinama. Mimi si mchezaji, lakini bila mimi timu haipo. Kocha hupanga kikosi, nami husimama nyuma yake na kumwambia alipokosea, na tukishinda hata yeye hukumbuka kwamba nilisema.

Mwaka huu tulimaliza daraja la pili tukiwa nafasi ya tatu, na Nyati wa Scarborough nafasi ya nne, tukapita wote mpaka fainali ya mtoano. Atakayeshinda anapanda daraja la kwanza, atakayefungwa anabaki matopeni mwaka mwingine. Nyati nao ni watu wetu wale wale: Watanzania, Wakenya, Wakongo, Wasomali, ila wa upande ule wa mbali wa jiji. Walikuja siku hiyo kwa treni na mabasi, na ngoma zao mapajani, wameshachoka kabla ya kuanza, nikawaambia waziwazi kwamba wangetuma tu barua ya kukubali kushindwa.

Na katikati yao, kama mwiba, alikuwepo Nicolaus.

Huyu Nicolaus Tarimo ni Mchaga wa Rombo, anaendesha basi la jiji. Tulikutana miaka mitatu nyuma katika mechi kama hii. Alinisikia nikiongea, akauliza kwa sauti ya kusikika na watu wote kama Mpare amelipa nauli kuja uwanjani au ametembea kutoka Same. Nikamwambia afunge mdomo, sarafu zisije zikadondoka. Basi, yakaisha. Unajua mwenyewe utani wetu na Wachaga, sisi mabahili wapenda kesi na wao wapenda pesa, hauulizi uko nchi gani. Tangu siku hiyo kila timu zetu zikikutana, yeye upande wake wa uwanja na mimi upande wangu, tunarushiana maneno mpaka kipenga cha mwisho. Sikujua anakaa mtaa gani. Sikuwa na namba yake. Hatukuwahi kula meza moja. Ndiyo maana nilipokuwa nikipitia watu wangu kwa ajili ya swali lako, jina lake halikunijia hata kidogo.

Siku hiyo alikuwa moto. Nilivaa lile koti langu la kahawia, akaniuliza lini nitalirudisha kwa mkoloni. Nyati walipofunga goli la kwanza alivuka mstari akacheza mbele yangu kama bibi harusi. Tuliposawazisha, nikamwimbia wimbo niliotunga papo hapo, kuhusu Mchaga aliyekataa kufa mpaka arudishiwe chenji. Watu wa pande zote mbili walikuwa wanacheka. Mama Épiphanie, Mkongo wa Bukavu anayeuza sambusa pale pembeni ya ngazi za chuma tunazokalia, alinifokea nikae chini, akisema uso wangu umegeuka rangi, papa, yaani baba, na kwamba sambusa zake hazina dawa. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo rangi ya ushindi. Kweli mkono ulikuwa unanivuta tangu asubuhi, lakini nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikadhani ni maboksi.

Dakika zikiwa zimebaki chache kabisa, sare ya goli moja kwa moja, refa akatupa penalti. Kijana wetu Clinton akauchukua mpira, akauweka pale kwenye nukta. Uwanja ukanyamaza. Hata ndege haikupita.

Hapa, dada, nakuomba ukae. Shemeji naye akae. Kumbukeni kwamba anayeandika ni mimi mwenyewe na mkono ni wangu.

Yanayofuata niliambiwa, kwa sababu mimi sikuwepo. Mwili ulikuwepo, mwenye mwili hakuwepo.

Wanasema katika ule ukimya Nicolaus alipaza sauti kutoka ng'ambo ya uwanja, akaniuliza, mkikosa hiyo, Mpare, utalishtaki goli mahakamani? Pande zote mbili zikageuka kunitazama, maana jibu langu lilikuwa sehemu ya kiingilio. Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye zile ngazi, mdomo wazi. Watu wetu wakaangua kicheko. Usiwalaumu, kosa lilikuwa na sababu: mechi ya nusu fainali, refa alipotunyima goli, nilianguka vile vile nikajifanya maiti, na sikufufuka mpaka niliponunuliwa soda. Kwa hiyo wakasema Ombeni ameanza maigizo yake. Mmoja aliniwekea kofia usoni.

Nicolaus akatukana tena. Safari hii, wanasema, lilikuwa tusi zito, la makande na ubahili wa babu zetu mpaka yule wa kwanza, tusi ambalo Mpare aliye hai hawezi kuliacha lipite. Akangoja. Kimya.

Basi yule mtu akaruka mstari akaanza kukimbia. Alikatisha uwanja mzima, akapita katikati ya eneo la penalti, refa anapuliza kipenga na kumwonyesha kidole, naye haoni wala hasikii. Watu wetu walidhani anakuja kupigana, wawili wakasimama kumzuia. Akawasukuma akawaambia maneno ambayo sasa Malton nzima inayajua:

"Nimemtukana mara mbili, hajajibu. Huyu amekufa. Nipisheni."

Na kweli, dada yangu, nilikuwa nimekufa. Daktari aliniambia baadaye kwa lugha ya upole zaidi, lakini nilimwuliza kama moyo ulisimama, akasema ulisimama. Ndivyo ilivyokuwa. Kaka yako mdogo uliyembeba mgongoni alilala juu ya chuma, mbele ya watu mia, wote wakicheka, na aliyejua ni mtani wake peke yake.

Nicolaus alifundishwa kazini kwake namna ya kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo umesimama. Akanikandamiza hapo hapo. Alipochoka, Mama Épiphanie aliacha sambusa zikiungua akashika yeye, maana anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na hilo analijua, akawa anahesabu kwa Kifaransa na kulia kwa Kiswahili. Clinton aliacha mpira wake kwenye nukta akakimbia na njumu zake mpaka ndani ya jengo, akaja na kile kimashine cha kushtua moyo kinachotundikwa ukutani, wakanishtua nacho mpaka moyo ukapiga. Wachezaji wa timu zote mbili wakasimama duara, jezi kwa jezi, kunikinga na upepo. Nilivunjwa mbavu mbili. Nashukuru kwa kila moja.

Nilipozinduka hospitali nilikuwa na mipira puani, na pembeni ya kitanda kulikuwa na mtu amevaa skafu ya Nyati. Jambo la kwanza kusikia baada ya kufa, ukitegemea malaika, ni Mchaga. Alikuwa ameegemeza miguu kwenye kitanda changu, akasema:

"Umeona penalti ikiingia itabidi uwanunulie watu soda, ukaona bora ufe."

Akaendelea hivyo. Akaniuliza koti nimemwachia nani. Akaniambia kaburi la bei rahisi liko upande wa kaskazini. Mimi nikitaka kucheka mbavu zinakatika, machozi yananitoka, na muuguzi, binti wa watu mwenye huruma, akaingia akaona mgonjwa analia na mtu anamtukana. Akataka kumwita mlinzi. Akamwuliza Nicolaus ni nani wangu. Nicolaus alijaribu kumweleza utani kwa Kiingereza, na wewe fikiria kazi hiyo. Mwishowe akachoka akasema mimi ni ndugu yake. Muuguzi akanigeukia kuniuliza kama ni kweli. Sauti sikuwa nayo, nikatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo swali lako lilinirudia, dada, nikajua nimeshalijibu.

Alikuja kila siku baada ya kuegesha basi lake, kutoka Scarborough mpaka huku, jiji zima. Mama Épiphanie alileta uji. Yeye hataniani na mtu, alinisema tu kwa kutomsikiliza, nikamwomba radhi. Ligi iliamua mechi irudiwe pale pale ilipokatika, wiki iliyofuata, kwa penalti ile ile. Nicolaus alikataa kuniambia matokeo mpaka nimalize uji, nikamaliza, ndipo akasimama wodini akacheza. Clinton aligonga mwamba. Nyati wakaondoka na mpira ule ule, wakafunga, wakapanda daraja. Nilimwambia bora angeniacha nimelala. Akasema hata yeye alilifikiria, ila alikosa mtu wa kumtambia.

Siku ninatoka hospitalini, ndani ya gari alilokuja kunichukulia, nilijaribu kumshukuru. Nilijipanga, nikavua kofia, nikaanza na maneno mazuri ya kanisani. Akanikatiza. Akasema, "Ombeni, ukinishukuru tena nashuka zangu kituo cha mbele," na uso wake, dada, haukuwa wa mzaha hata kidogo. Nikaelewa. Mtu aliyekurudisha kwa sababu ya utani, ukimshukuru kwa heshima umemfanya mgeni. Basi nikamwambia anaendesha basi kama anachunga ng'ombe wa kuiba, akafurahi, akanifungia mkanda.

Kwa hiyo majibu yangu kwa ukoo ni haya. Sifungi mizigo. Daktari anataka niwe karibu na dawa zake, na mimi nataka niwe karibu na watu wangu, maana ninao, na nilikuwa nao wakati nikilalamika kwamba sina. Usisikitike. Krismasi nakuja kama mlivyosema, kaburi la Anastasia nilisafishe, nikuone, kisha nirudi. Daktari amesema nisisafiri peke yangu. Nicolaus naye ni Mchaga, Krismasi lazima aende kwao hata kama amefungwa kamba, kwa hiyo tunapanda ndege moja, na kabla ya kupanda kwao Rombo atalala kwenu Gonja siku mbili.

Sasa nisikilize vizuri, maana wewe ni mkarimu na utaharibu. Usimwandalie kiti cha wageni. Usimwambie asante, wala usilie mbele yake. Akikanyaga uani, mwulize ameleta nini mkononi au amekuja kuhesabu mbuzi wetu. Shemeji amfichie viatu. Watoto wamwimbie. Mpe makande, na akiomba nyama, mwambie kesi ya nyama bado iko mahakamani. Mtukaneni nyote, dada, ukoo mzima, mtu kwa mtu, kwa mioyo yenu yote, mpaka alale amechoka kucheka.

Nisalimie majirani wote, na mchungaji mwambie sadaka yangu ya shukrani nitaitoa mwenyewe nikisimama kwa miguu yangu. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, mzima kabisa,

Ombeni