Mizizi Inayoua Kwenye Sahani

Jumatatu, 3 Machi
Zimekufa. Seli za saratani ya matiti, karibu zote. Wiki saba nimekamua mizizi ya mmea wa porini kupata unga wa rangi ya chungwa — antrakwinoni — na vidole vyangu vimekuwa vya njano, sabuni haifui dafu. Mkuu wa maabara kachungulia kwenye hadubini, halafu kasema hata dawa ya choo inaua seli kwenye sahani ya maabara. Turudie, safari hii na seli nzima, zisizo na saratani, pembeni. Mtu huyu hajui kufurahi.

Jumapili, 9 Machi
Kwa mama mdogo, aliyenilea tangu mama afariki. Dripu ya pili ya saratani imemkomba nywele. Bado nne.

“Eti Profesa, huko kwenu mnapika nini siku hizi?”

Profesa! Mimi fundi wa maabara tu. Lakini alivyonitazama — kichwa kikavimba. Nikamwambia mizizi yetu inafyeka saratani kama wembe. Nikataja na jina la mmea. Sikusema “kwenye sahani”. Sikusema “labda”. Ulimi hauna mfupa.

Alhamisi, 20 Machi
Marudio. Za saratani zimekufa. Nzima nazo zimekufa, vilevile.

Mkuu hakunicheka. Kasema ndiyo kazi ilivyo, tutafute namna ya kuitenganisha sumu na dawa, huenda miaka kumi. Ilinipasa nimpigie mama mdogo leo leo. Nimejiambia nitapiga Jumamosi.

Jumanne, 25 Machi
Jumamosi sikupiga. Leo binti yake ndiye kapiga: mama anaharisha siku ya tano, hasimami. Dripu ya tatu hakwenda.

Nimekwenda, nimekuta sufuria jikoni kwake, maji mekundu kama chai iliyokolea. Harufu niliijua kabla sijafunua.

“Usinitazame hivyo,” mama mdogo kaniambia kitandani. “Dripu zinaniua. Mizizi yako inaniharisha tu. Uchafu unatoka.”

Mizizi yako. Mwanafunzi yeyote wa fani yetu anajua antrakwinoni zinaendesha tumbo. Na mimi najua. Nimembeba hadi kwenye teksi, hana uzito hata kidogo.

Jumatano, 26 Machi
Wodini. Maji yamemwisha mwilini, figo zimeshtuka. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, kauliza nani kamshauri mambo haya. Nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika kandambili za mgonjwa.

“Nimeokota kwenye maneno ya watu,” mama mdogo akajibu. Hakunitazama.

Daktari akanigeukia: si wewe ndiye wa maabara? Mweleweshe basi, wewe atakusikia.

Nikasema, “Sawa, daktari.”

Sawa! Na binti yake kanishukuru koridoni, eti bila mimi wangempoteza. Nikaitikia hata hiyo.

Alhamisi, 27 Machi
Nimemwambia yote asubuhi. Sahani. Seli nzima. Kwamba nilijua tangu wiki iliyopita. Kasikiliza amefumba macho.

“Kwa nini hukusema siku ile?”

“Nilitaka unione mtu.”

“Mtu nilikuona tangu hujui kufunga kamba za viatu.”

Akageukia ukutani. Nikadhani kalala. Kumbe analia. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akanipa simu yake. Kasema sikiliza, kwenye kundi la wagonjwa wenzangu.

Watu mia na arobaini na mbili. Sauti yake mwenyewe, ya tarehe kumi, changamfu kuliko nilivyoisikia mwaka mzima: jina la mmea, namna ya kuchemsha, na “msiogope wapenzi, mwanangu ni mtaalamu, kaipima mwenyewe”. Chini yake mikono ya shukrani, mingi. Wengine wameandika wameshaacha dripu.

Nimekaa koridoni na hii simu saa nzima. Nimeandika “Samahani”, nikafuta. Nimeandika “Mimi ndiye mwanawe” —

Mmoja kauliza sasa hivi. Mama yake anywe vikombe vingapi kwa siku?