Bosi Amefungua Seva ya Maabara

Shoga, sikia ya leo hapa zahanati. Nilikuwa nasuuza kikombe changu kama kila asubuhi, nikasikia bosi anacheka peke yake ofisini. Akaniita, "Binti, njoo uone!"

Unaikumbuka ile seva ndogo niliyoitia ndani ya programu ya maabara, ile inayotuma majibu ya vipimo kwenye kompyuta? Niliifunga iijibu kompyuta ya maabara tu, basi.

Bosi ameifungua! Na nywila ameitoa, eti inamchosha. Sasa simu yoyote iliyoshika mtandao wa zahanati inasoma majibu ya wagonjwa. Yoyote! Hata ya mtu aliyekaa kwenye foleni.

Na bosi alikuwa anayasoma kwa sauti kwenye simu yake. "Yule mama wa jana ana kisonono! Na alivyokuwa anajifanya mpole!" Anacheka mpaka anafuta machozi.

Nikaanza na zile zangu za kuzungukazunguka: "Samahani bosi, labda tungeangalia mipangilio..."

"Mipangilio ina nini? Si inafanya kazi?"

Akaendelea kusoma, shoga. Jina na umri!

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikamwambia, "Bosi, sizungumzii mipangilio. Unachofanya ni uchafu. Weka simu chini, naizima seva sasa hivi."