Sambusa Kumi

Alhamisi, Mwananyamala

Sambusa! Eti nimechora sambusa!

Jana mwalimu wetu wa uchoraji alituambia tuivue nyumba kila kitu, yabaki maumbo na rangi tu: ukuta mraba, paa pembetatu. Basi leo nikazichora nyumba zetu kumi za hapa mtaani, zote kimo kimoja, kila moja na rangi yake. Nikaiweka picha barazani ikauke. Akapita balozi wetu wa nyumba kumi, akaiona, akasema, “Sambusa kumi!” akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akainama. “Hii ya buluu ndiyo yangu?”

“Ndiyo, ndugu balozi.”

“Sasa Mama Rehema, mie nina bati jipya. Mbona umenilinganisha na huyo muuza mihogo?”

Kumbe sambusa zina wenyewe! Nikamwambia, “Si wewe unayetuhubiria usawa kila mkutano?”

Akaondoka bila kuaga.

Naogopa, sikatai. Sukari ya duka la ushirika hupitia mikononi mwake, na Rehema uji usio na sukari hata haugusi. Ningeweza kulirefusha lile paa kidogo tu, brashi bado ina rangi...

Hapana. Tutakunywa uji bila sukari. Paa lake silipandishi ng’o!